Taharuki: Asili ya neno na namna nyoyo zinavyotulizwa

SIFA zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake wote.

Ndugu msomaji, Ijumaa hii tumekusudia kulitazama neno moja ambalo halikosi kusikika kila panapotokea jambo zito katika nchi yetu. Akiuawa mtu usiku, magazeti huandika kuwa taharuki imetanda. Mto ukifurika, tunaambiwa wananchi wamekumbwa na taharuki. Ukisambaa katika simu ujumbe usio na mwenyewe, vyombo vya dola huonya kwamba asiwepo mtu wa kuzusha taharuki. Hata katika darasa la fasihi mwalimu husema hadithi ina taharuki, akikusudia ile hamu inayomshika msomaji asiweze kuifunga kurasa kabla hajajua kitakachofuata. Neno limo vinywani mwetu wote, lakini ni wachache wanaojiuliza limetoka wapi na linatudai nini.

Tumelichagua tukiwa na Chumbi mbele ya macho yetu. Chumbi ni kata ya Wilaya ya Rufiji, upande wa kusini wa mto, jirani na Muhoro. Watu wa ukanda ule, kuanzia Chumbi hadi Kibiti na visiwa vya delta, hawahitaji kamusi ya kuwafundisha maana ya neno hili. Wamelionja katika maji, wamelionja katika damu. Kwa hiyo tukizungumza juu ya asili ya neno, tusidhani tunacheza na herufi. Tunazungumza juu ya nyoyo za watu.

Mzizi wa neno

Kila aliyepitia chuo cha Qur-aan anaujua mzizi wa neno hili, ingawa huenda hajui kuwa anaujua. Mtoto anapokaa mbele ya mwalimu wake na ubao au juzuu, anafundishwa kwamba herufi peke yake haitamkiki mpaka iwekewe alama: fat-ha, kasra au dhumma. Sisi tunaziita irabu. Waarabu wanaziita harakaat, yaani mienendo, kwa kuwa ndizo zinazoisogeza herufi na kuipa sauti. Na ile alama ya nne, kijiduara kidogo kinachowekwa juu ya herufi isiyo na irabu, wanaiita sukuun, yaani utulivu. Mtoto wa miaka sita amekwisha kufundishwa, bila ya kuambiwa, kwamba kinyume cha haraka ni sukuni.

Neno taharuki limetoka katika mzizi huo huo wa herufi tatu: haa, raa na kaafu. Mzizi huo umetupatia Kiswahili maneno matatu mashuhuri. La kwanza ni haraka. La pili ni harakati. La tatu ni hili la taharuki. Kwa Waarabu taharruk ni kujongea tu. Basi likiondoka kituoni wanaweza kulisemea kwa neno hilo hilo, na hapana hofu yoyote ndani yake. Lilipovuka bahari na kufika pwani yetu, mwendo huo ukahama kutoka katika miguu ukaingia moyoni. Mswahili akisema ametaharuki, huenda amekaa kitako pale pale alipo. Kilichotikisika ni kifua chake.

Ipo faida nyingine katika umbo la neno. Katika Kiarabu, harraka ni kukitikisa kitu, na taharraka ni kitu hicho kutikisika. Umbo hili la pili tunalo tele katika Kiswahili: tafakuri, tabasamu, takaburi, tahadhari. Lakini tunapolirudisha neno letu katika mizani yake tunaona jambo kubwa: kutaharuki kunamfuata mtikisaji. Kwa hiyo kila tunapoambiwa kwamba watu wametaharuki, swali la haki ni hili: ni nani, au ni kitu gani, kilichowatikisa?

Aya moja katika Qur-aan

Kwa wanaofuatilia hesabu za maneno ya Kitabu cha Allah, mzizi huu wa haa, raa na kaafu umekuja mara moja tu katika Qur-aan nzima, nao ni katika aya ya 16 ya Suratul-Qiyaamah. Ibn Abbas (R.A.) ameeleza kisa chake, na kimepokewa na Imam Bukhari. Mtume (S.A.W.) alikuwa akipata tabu wahyi unapoteremka. Alikuwa akiitikisa midomo yake pamoja na Jibril, akichelea yasimponyoke maneno aliyosomewa. Hapo ndipo alipokatazwa kuutikisa ulimi wake kwa kuuharakia wahyi.

Tuizingatie namna ya makatazo yale. Kwanza, aya yenyewe imeunganisha mtikisiko na pupa, na ndiyo maana sisi Waswahili hatukukosea tulipoifanya haraka kuwa ndiyo pupa yenyewe. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, Allah (S.W.) hakumwambia Mtume wake atulie kisha akamwacha hivyo hivyo. Aya inayofuata inampa dhamana: kuikusanya Qur-aan na kuisomesha ni juu Yake Yeye Allah. Khofu ya kupotelewa ndiyo iliyoutikisa ulimi, na dhamana ya kutopotelewa ndiyo iliyoutuliza. Amri ya kutulia imekuja pamoja na sababu ya kutulia. Tulishike hilo, maana tutalirejea.

Haraka na baraka

Wazee wetu walisema haraka haraka haina baraka. Wengi tunaichukua methali hii kwa ajili ya mlio wake mtamu tu. Lakini baraka nayo ina asili yake. Wanalugha wa Kiarabu wanalifungamanisha neno hilo na ngamia anapopiga magoti na kutulia mahali, na pia na birika, dimbwi ambalo maji hukaa ndani yake yasitoke. Baraka, kwa asili hiyo, ni kheri iliyotua ikakaa. Mwenye pupa hana mahali pa kheri kutua.

Ajabu ni kwamba Waarabu wenyewe wana methali inayoelekea upande wa pili. Wao husema katika haraka mna baraka, wakimhimiza mvivu ainuke akatafute riziki yake. Hakuna mgongano. Wao wanasema juu ya mwendo wa miguu na mikono, sisi tunasema juu ya mtikisiko wa moyo. Muislamu anatakiwa awe na vyote viwili: mwili unaojituma na moyo uliotua.

Maji yaliyovurugwa

Kiswahili hakikungoja kuazima ili kulisemea jambo hili. Tunalo neno vurugu, lililotokana na kuvuruga, na tunalo machafuko, yaliyotokana na kuchafua na kuchafuka. Maneno yote mawili yananuka maji. Mtu huvuruga dimbwi kwa mti, tope likapanda juu. Bahari huchafuka, nahodha akashusha tanga. Wahenga waliotuachia maneno haya waliyatazama maji, kisha wakayatazama mambo ya watu, wakaona yanafanana.

Nani anayeyajua maji kuliko Mrufiji? Kwa vizazi vingi wakulima wa bonde lile wamelima mashamba yanayoloweshwa na mto, wakapanda tena pale maji yanapojitoa na kuacha unyevu na rutuba. Mto ukitikisika kwa kiasi chake, huleta baraka baada ya haraka yake. Ukizidi, huondoka na watu. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, serikali iliendesha Operesheni Rufiji, na familia nyingi zikahamishwa kutoka bondeni kwenda kukaa katika vijiji vya miinukoni. Aprili 2024 maji yalirudi kwa kishindo katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Nyumba zilizama, mazao yalikwenda na mto, na watu wakalazimika kuhama. Mapema Mei mwaka huo huo kimbunga Hidaya kikaikaribia pwani yetu kupitia upande wa Mafia.

Katika siku zile za Aprili maji hayakuwa peke yake katika kuwatikisa watu. Walikuwapo walioamini kuwa mafuriko yametokana na maji ya Bwawa la Julius Nyerere, na serikali ikaeleza kuwa chanzo ni mvua kubwa na kwamba Rufiji imekuwa ikifurika tangu kabla ya bwawa kujengwa. Hatuingii katika uhandisi wa jambo hili. Tunachosema ni kuwa mama aliyembeba mtoto mgongoni, huku shamba lake limezama, hakuwa akiuliza ili azushe taharuki. Alikwisha kutaharuki, na aliuliza ili apate pa kuutua moyo wake.

Historia nayo inatufunza tusiwe wepesi wa kuyaita mambo kwa majina. Julai 1905 watu wa milima ya Matumbi, kusini ya Rufiji, waliinuka dhidi ya utawala wa Wajerumani waliowalazimisha kulima pamba. Tarehe 4 Agosti mwaka huo Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa hapo Muhoro, jirani na Chumbi. Mtawala aliamini kuwa akimwondoa mtu mmoja fujo itakwisha. Vita vya Maji Maji viliendelea hadi 1907, na makadirio ya baadhi ya wanahistoria yanafikisha vifo vyake kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa. Kilichowatikisa watu hakikuwa mtu mmoja, na kwa hiyo kunyongwa kwa mtu mmoja hakukuwatuliza.

Utulivu wa aina mbili

Sasa turudi kwenye kile kijiduara cha sukuni. Mzizi wake ni siin, kaafu na nuun, nao umezaa watoto wawili wasiofanana. Mmoja ni sakina, ule utulivu ambao Allah (S.W.) ameutaja katika aya ya 4 ya Suratul-Fat-h kuwa ameuteremsha katika nyoyo za waumini ili iongezeke imani yao. Wa pili ni maskini. Wanalugha wanasema maskini ameitwa hivyo kwa sababu shida imemkalisha, imemnyima uwezo wa kujongea. Wote wawili wametulia. Mmoja ametulia kwa kuwa amepata, mwingine ametulia kwa kuwa hana la kufanya.

Tofauti hii ni lazima tuijue, maana si kila kimya ni amani. Mwaka 2017 wilaya za Mkuranga, Kibiti na Rufiji zilikuwa katika kipindi kizito. Wenyeviti wa vijiji, watendaji na wananchi wengine waliuawa kwa risasi, wengi wao usiku. Tarehe 13 Aprili mwaka huo askari polisi 8 waliuawa kwa pamoja huko Mkengeni, Kibiti. Jeshi la Polisi likaunda kanda maalumu ya Rufiji, na pikipiki zikapigwa marufuku kutembea usiku. Giza lilipoingia, barabara zilikuwa kimya. Mpita njia angeweza kusema kumetulia. Lakini ule haukuwa utulivu wa sakina. Ulikuwa utulivu wa maskini, aliyekaa kwa sababu anaogopa kuinuka.

Mauaji yale ni dhulma, na hakuna tafsiri ya dini inayoweza kuyapamba. Damu ya askari, ya mwenyekiti wa kijiji na ya mkulima zote zina haki moja mbele ya Mola wao. Na dhulma haikuishia kwa waliokufa. Novemba 21 mwaka huo, Azory Gwanda, mwandishi aliyekuwa akiripoti habari za mauaji hayo katika gazeti la Mwananchi, alitoweka Kibiti. Zipo pia familia nyingine za ukanda ule zilizosema kuwa jamaa zao waliondoka wasirudi. Aliyefiwa huzika, akasoma khitma, akapokea mkono wa pole, na baada ya muda moyo hutua. Aliyepotelewa na mtu hana kaburi la kulizuru wala mlango wa kuufunga. Mke hajui kama ni mjane. Mtoto hajui amwombee baba yake maghfira au amwombee salama. Ikiwa kuna taharuki katika maana yake kamili, basi ni hii.

Usiku mmoja wa Madina

Je, Mtume wetu (S.A.W.) alifanyaje watu wake walipotaharuki? Anas bin Malik (R.A.) ametusimulia, na kisa kimo katika Bukhari na Muslim. Usiku mmoja watu wa Madina waliingiwa na fazaa baada ya kusikia sauti kubwa. Hili nalo ni neno la Kiarabu tulilolifanya letu, fadhaa. Watu wakatoka kuelekea ilikotoka sauti. Huko njiani wakakutana na Mtume (S.A.W.) akirudi. Alikwisha kuwatangulia peke yake, amepanda farasi wa Abu Talha asiye na tandiko, upanga umening'inia shingoni mwake. Amekwenda, ametazama, amerudi, na sasa anawaambia wasiogope. Tena akamsifu yule farasi, aliyejulikana kwa uzito wa mwendo, kuwa amemkuta kama bahari kwa kasi yake.

Ndugu zetu, humu mna mafunzo ambayo kila mwenye kuongoza watu anayahitaji, awe kiongozi wa nchi, imamu wa msikiti au baba wa nyumba. Mtume (S.A.W.) hakukaa nyumbani akatuma mtu awakemee watu kwa kutaharuki. Hakuwauliza ni nani aliyeanza kusema. Aliiendea sauti yenyewe. Neno lake la kutuliza lilikuja baada ya macho yake kuona, na kwa hiyo lilikuwa na uzito. Hii ndiyo ile dhamana tuliyoiona katika Suratul-Qiyaamah: anayeamrisha watu watulie hana budi kuwapa cha kutulia nacho.

Na kisa cha Hudaybiya, mwaka wa 6 Hijria, kinakamilisha somo. Waislamu walizuiwa kuingia Makka, na masharti ya mkataba yakawauma. Mtume (S.A.W.) akawaamuru wachinje na wanyoe, wasiinuke hata mmoja, kwa uzito wa yale yaliyowafika. Akaingia kwa mkewe Ummu Salama (R.A.) akamweleza. Bibi huyo akamshauri atoke asimsemeshe mtu, achinje yeye mwenyewe na amwite wa kumnyoa. Alipofanya hivyo, watu wote wakainuka wakafanya. Kitendo kiliwatuliza pale ambapo maneno hayakuweza. Na katika sura iliyoteremka baada ya mkataba huo ndimo ilimotajwa ile sakina.

Wajibu wetu majumbani

Tukiwataka viongozi waiendee sauti, na sisi tuna yetu ya kufanya. Aya ya 83 ya Suratun-Nisaa inawalaumu watu ambao, ikiwafikia khabari ya amani au ya khofu, huitangaza papo hapo. Inawaelekeza waipeleke kwa Mtume na kwa wenye mamlaka miongoni mwao, ili wenye uwezo wa kuichimbua waujue ukweli wake. Neno lililotumika hapo la kuichimbua khabari linatokana na nabat, maji ya kwanza yanayochomoza kisima kinapochimbwa. Mwenye kusambaza uvumi anavuruga dimbwi. Mwenye kuhakiki anachimba mpaka yatoke maji safi. Na aya hii inawafunga wote wawili: raia apeleke khabari, na aliyepelekewa aichimbue. Raia akipeleka na mkubwa asichimbue, uvumi utarudi tu, maana moyo wenye kiu hunywa hata maji ya tope.

Katika simu zetu, basi, tusipeleke mbele ujumbe tusioujua mwanzo wake. Mtume (S.A.W.) amesema, katika hadithi iliyo mwanzoni mwa Sahih Muslim, kwamba inamtosha mtu kuwa muongo kwa kusimulia kila anachokisikia. Mtu huyo huenda hakutunga neno hata moja. Uongo wake ni kutopima.

Tusifanye mzaha na hofu ya mtu. Abu Daud amepokea kuwa masahaba walikuwa safarini, mmoja wao akalala, mwenzake akaichukua kamba aliyokuwa nayo, mtu yule akashtuka. Mtume (S.A.W.) akasema si halali kwa Muislamu kumtisha Muislamu mwenziwe. Ikiwa kamba moja haikusamehewa, vipi picha za maiti na sauti za vitisho tunazorushiana usiku?

Watoto wetu nao tuwaambie ukweli kwa kadiri ya umri wao. Mtoto huona uso wa mama kabla ya kusikia maneno yake. Ukimwambia hapana kitu ilhali unatetemeka, umemwachia mtikisiko bila ya sababu yake. Mwambie kuna nini, mwambie mnafanya nini, kisha msome naye dua. Aya ya 28 ya Suratur-Raad imetubainishia kuwa nyoyo hutua kwa kumtaja Allah. Wala dua hiyo haituondolei wajibu wa kumuuliza jirani hali yake, kumpa hifadhi aliyekimbia maji, na kuisemea familia ambayo mtu wake hajarudi.

Hapo Chumbi, kama katika kila kijiji cha Waislamu pwani hii, yuko mtoto anayejifunza kuipa herufi irabu na kuikalisha kwa sukuni. Tumwombee Mola wetu amkuze katika nchi ambayo watu wake hutulia kwa kuwa wamejibiwa, si kwa kuwa wamenyamazishwa. Ewe Allah, ziteremshie nyoyo zetu sakina, warehemu waliouawa, wape subira waliofiwa, na wajulishe wanaongoja khabari za watu wao. Aamin.

Wabillahi tawfiq.